Mtungi wa Sonara na Mkono wa Bi Kazija

Tarehe 15 Aprili 1952, siku ya Jumanne, kimbunga kilitoka baharini kikaupiga mji wa Lindi. Hilo halina ubishi. Yanayofuata, kinyume chake, hayakuandikwa na ofisi yoyote. Yamehifadhiwa katika kumbukumbu za watu wawili walioketi kwenye mkeka mmoja mwaka ule: Mwahija binti Bakary, ambaye wakati huo alikuwa mwanamke mzima aliyeachika na kurudi kwa mama yake, na Dionis Likwata, seremala kutoka Milola. Pale wanapotofautiana, imesemwa hivyo.

Mama yake Mwahija, Kazija binti Ahmadi, alizaliwa Kilwa Kivinje, akaletwa Lindi akiwa mwari kuolewa na Bakary, fundi cherehani. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya mtaa wa Ndoro: vyumba vinne, ua wenye kisima, na banda la kushonea lililokuwa na mlango wake wa uchochoroni. Cherehani iliuzwa, banda likabaki tupu. Kazija aliishi kwa kuoka vileja na kutengeneza sharbati. Maulidi, khitima na harusi za Ndoro hazikukamilika pasipo sharbati yake ya zabibu. Namna yake ilikuwa moja, nayo hakuibadilisha: zabibu aliziosha, akazilaza majini, akazifikicha kwa mkono wa kulia, akazichuja kwa kitambaa cha melimeli, akatia iliki. Kilichobaki mpaka siku ya tatu alikimwaga kwenye mgomba. Alisema siku ya tatu zabibu huanza kuwaza mambo mengine, na Muislamu hana haja ya kuyajua mawazo hayo.

Kimbunga kilimwachia Kazija paa lake, isipokuwa makuti ya upande wa jikoni. Jirani yake, Yahya bin Daudi, hakuachiwa kitu. Yahya alikuwa sonara. Alikuja kutoka Aden miaka ya vita, akafungua kibanda cha kufua bangili, vipini na pete za fedha. Alisema Kiarabu, alivaa kikoi na kofia, na wateja wengi walimhesabu kuwa Mwarabu. Hakuwa Mwarabu, wala hakujificha. Alifunga kibanda Ijumaa alasiri, akakifungua Jumapili asubuhi, na aliyemuuliza sababu alijibiwa kwa adabu kwamba yeye ni Myahudi na Jumamosi ni siku ya Mungu. Mwingine wa dini yake Lindi hawakumjua.

Upepo ulipotulia, alisimama mlangoni kwa Kazija akiwa ameloa chapachapa. Sanduku la nyundo na koleo lilikuwa kichwani. Mikononi alibeba kitu kilichofunikwa blanketi.

"Hodi, Bi Kazija."

"Karibu, Sonara. Pole. Na huyo mtoto, wa nani tena?"

"Si mtoto. Ni mtungi."

Mwahija alifunua blanketi, akanusa. "Mama! Nyumba imekwenda na upepo, kitanda kimekwenda na upepo, huyu kaokoa pombe!"

"Mvinyo wa zabibu," alisema Yahya. "Wa Sabato. Nyumba nitajenga tena. Huu hauuzwi Lindi."

Kazija aliutazama mtungi, akamtazama mwenye mtungi. Kisha alitamka sharti lililokuja kutajwa mara nyingi baadaye. Banda la marehemu lilikuwa tupu. Sonara angekaa humo mpaka atakapopata pake. Ila mtungi usivuke kizingiti cha nyumba. Ukae bandani, na kama utanywewa, unywewe bandani.

Ni lazima kueleza mtungi ule ulikuwa na maana gani kwa Yahya. Kila Ijumaa jua linapozama, alitoa kikombe cha fedha alichokifua mwenyewe, akakijaza mvinyo, akasimama, akaisomea siku baraka yake. Mvinyo aliutengeneza mwenyewe kwa zabibu kavu, kama walivyofanya nyumbani kwao, kwa sababu sheria yake ilitaka mvinyo wa baraka uwe kasheri, yaani safi kwa kufuata masharti. Sharti moja lilikuwa hili: tangu maji ya zabibu yanapochujwa mpaka yanaponywewa, yasishughulikiwe na mkono wa asiye wa dini yake. Alikuwa ameishi peke yake miaka yote. Hakuwahi kuwa na mtu wa kumweleza hilo, na sasa alipopata watu, hakulieleza.

Mengine aliyaeleza. Nyama hakula, kwa kuwa hapakuwa na wa kuchinja kwa desturi yao. Samaki alimla mwenye magamba; changu ndiyo, pweza hapana. Vyungu vyake vilikuwa vyake. Na chakula alichokula, yeye mwenyewe alikiweka motoni. Kazija aliyashika hayo upesi kuliko Mwahija. Yeye alikuna nazi, akapara samaki, akachagua mchele; Yahya akateleka. Ilipofika wiki ya pili watu wa nyumba ile walikuwa na kanuni yao: moto ni wa Sonara, mengine ni ya wote. Kosa lililotokea baadaye lilizaliwa na kanuni hiyo, nalo lilikuwa kosa la mtu aliyeelewa vizuri.

Ijumaa ya kwanza Yahya aliteleka samaki wake mapema, akawasha fanusi kabla jua halijazama, akatandika mkeka bandani. Alikusudia kula peke yake. Kazija alitokeza na sinia la wali.

"Kwetu mtu hali peke yake kama mgonjwa wa ndui," alisema. "Mwahija, lete maji ya kunawa."

Dionis alikuwa juu ya paa la jikoni, akipanga makuti ya mwisho. Alikuwa amekuja mjini kutoka Milola siku chache baada ya kimbunga, kwa kuwa seremala alitakiwa kila nyumba. Aliitwa ashuke.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Kaa. Usimkanyagie Sonara mkeka na hayo matope."

Yahya alisoma baraka yake, akanywa, kisha akamimina kidogo katika kikombe cha bati, akampa Dionis. Kazija na Mwahija walikuwa na ukwaju wao. Dionis alikunywa, akaangalia ndani ya kikombe kana kwamba kuna mtu humo.

"Vipi?" aliuliza Mwahija. "Umekufa?"

"Nilimtumikia padri altareni miaka mitano," alisema Dionis. "Divai niliibeba kwa mikono hii. Kwetu divai anakunywa padri, sisi tunasema amina. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kujua amina ile ilikuwa ya nini."

Yahya alicheka mpaka akakohoa. Mwahija anasema hakuwa amemsikia akicheka kabla ya hapo, ingawa alikuwa jirani yao kwa miaka. Halafu akaanza kumfundisha Dionis kuonja: asimeze upesi, autembeze mvinyo ulimini, atafute kwanza utamu, nyuma yake uchachu, na nyuma ya uchachu kitu kama moshi, ambacho ni udongo wa mtungi. Dionis alitafuta moshi kwa bidii sana, akaomba kikombe cha pili ili autafute vizuri zaidi.

Hivyo Ijumaa zikawa za watu wanne. Kwa Yahya, aliyekula peke yake tangu Aden, kila mlo wa juma ulikuwa chakula tu isipokuwa huo. Kwa Kazija, banda lililonyamaza tangu kifo cha mumewe lilikuwa na sauti tena.

Aliyepinga alikuwa Rashidi, mdogo wake Kazija, mfanyabiashara wa mchele, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Alikuja Jumatatu moja, akakataa kuketi.

"Dada, mji mzima unajua. Mtungi wa mvinyo katika nyumba ya mjane wa Kiislamu."

"Haumo nyumbani. Umo bandani."

"Banda na nyumba, ukuta si mmoja?"

"Ukuta mmoja, milango miwili. Hata wewe na mimi tumbo letu moja, lakini ukikopa mimi sidaiwi."

Rashidi hakucheka. Alisema Sonara ni mtu mwema na hana neno naye. Neno lake ni mtungi. Mwezi ulikuwa wa Shaabani. Akaweka mpaka: Ramadhani isiukute mtungi katika kiwanja cha dada yake. Na kwa kuwa Sonara hawezi kuuacha mtungi, basi aondoke nao. Kama sivyo, yeye Rashidi hatakanyaga pale kwa futari wala kwa Idi. Kazija alikuwa na ndugu huyo mmoja tu aliyesalia.

Mvinyo wa zamani ulikwisha. Yahya alinunua zabibu nyingine, akaziponda, akazilaza majini ndani ya mtungi. Kesho yake alishikwa na homa. Alilala bandani akitetemeka, meno yakigongana, huku Kazija akimletea maji ya moto na Mwahija akimfunika. Alhamisi Kazija alifungua mtungi, akaona zabibu zimevimba na kupauka. Alijua zabibu. Alijua kwamba zikipitishwa siku hiyo zingechacha vibaya katika joto lile, na kwamba mwenyewe hangeweza kuinuka. Hapakuwa na moto katika kazi hiyo. Kwa hiyo, kwa kanuni yao, ilikuwa ya wote. Tena ilikuwa siku ya pili, maji yale bado ni sharbati, hakuna haramu ndani yake. Alinawa mpaka viwikoni, akafikicha, akachuja kwa melimeli yake safi, akarudisha mtungini. Akatia iliki, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

Yahya alipozinduka alimwona akifunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa. Alitazama mtungi kwa muda. Kisha akasema, "Ahsante, Bi Kazija. Mungu akulipe."

Hakusema lingine. Mwanamke aliyempa paa, aliyemwosha jasho la homa, alikuwa amemfanyia wema kwa mkono wake wa kulia, angemwambia nini?

Ijumaa hiyo kikombe cha fedha hakikutoka kwenye sanduku. Yahya aliisomea siku baraka yake juu ya mikate miwili, jambo ambalo sheria yake huliruhusu mtu anapokosa mvinyo. Dionis peke yake alimiminiwa. Alisifu iliki. Alisema mvinyo, ingawa bado mchanga, umekuwa na heshima, kama mtu aliyevaa kanzu. Yahya alitabasamu, akala samaki, akalala mapema. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile.

Mwahija ndiye aliyesema kwanza. "Mama, Sonara hanywi."

"Ana homa."

"Homa imekwisha, jana alifua bangili mpaka alasiri. Tangu uchuje wewe, hanywi."

Kazija alikuna nazi yake mpaka mwisho, akakung'uta mbuzi, akaweka pembeni. Maneno yalimfika tena kwa njia nyingine. Rashidi, aliyesikia kwa Dionis bila Dionis kujua anachotoa, alisema sokoni kwamba sasa dada yake amelipwa: mkono wake kwa mpangaji wake ni najisi. Kutoka kwa mtu wa tatu Kazija alisikia pia kwamba Sonara ameulizia chumba Mtwara. Hilo lilikuwa kweli. Yahya hakuweza kumwambia Kazija sababu, wala hakuweza kunywa na kuisomea siku takatifu uongo. Aliona iliyobaki ni njia ya kuondoka kabla ya mpaka wa Rashidi, bila neno, kama mgeni aliyeshiba.

Jumanne asubuhi Kazija alisimama kwenye mlango wa banda. Dionis alikuwa ndani akipachika bawaba ya dirisha. Alitaka kutoka, akazuiwa.

"Kaa hapo, Dionis, uwe shahidi. Sonara, mkono wangu una nini?"

Yahya aliweka nyundo chini. "Mkono wako hauna kitu, Bi Kazija."

"Mvinyo niliuchuja mimi. Huunywi. Unakwenda Mtwara. Niambie mkono wangu una nini, nijue la kusema mji ukiniuliza."

Yahya alimweleza basi. Alieleza polepole, akianza na jambo la mbali: zamani sana mataifa walimiminia sanamu zao mvinyo, na wazee wa dini yake wakaweka ua kuuzunguka mvinyo wa baraka ili usichanganyike na ule. Sanamu zimekwisha, ua umebaki. Hauhusu usafi wa mtu. Unahusu mvinyo tu.

"Mimi naabudu sanamu?" aliuliza Kazija.

"La hasha! Wewe unasali kuliko mimi."

"Na samaki je? Samaki nampara kwa mkono huuhuu. Mchele nauchagua kwa mkono huuhuu. Unakula, unaomba ukoko."

"Samaki unampara wewe, mimi ninamweka motoni. Moto ndio unaomaliza shauri."

"Basi uweke mvinyo motoni."

Dionis alicheka kwa sauti, akidhani ni mzaha wa mtu mwenye hasira. Yahya hakucheka. Kulingana na Dionis, alishika ndevu zake, macho yakiwa mahali pengine kabisa. Kisha akasema kwamba kwao, mtaani, kulikuwa na familia zilizopika mvinyo wao. Mvinyo uliopikwa hutoka katika ua ule. Ukishachemka mbele ya mwenyewe, mkono wowote waweza kuumimina, na baraka haipotei. Sheria hiyo aliijua tangu utotoni.

"Uliijua?" Kazija alishangaa. "Na ukataka kwenda Mtwara?"

"Baba yangu aliudharau," alisema Yahya. "Alisema mvinyo uliopikwa ni dawa ya kikohozi. Unapoteza nguvu, unapoteza uchachu, unabaki utamu tu. Nilikulia katika dharau hiyo. Sikuwahi kuuhesabu kuwa mvinyo."

"Kwa hiyo ni ulimi wako, si sheria yako."

"Ni ulimi wa baba yangu," alisema, na hapo akacheka kidogo.

Kazija alimuuliza swali moja zaidi, nalo ndilo lililobeba mengine yote. Ukipikwa siku ile ile unapochujwa, kabla haujachacha, utalevya? Yahya alisema hapana. Na utafaa kwa baraka? Alisema utafaa. Kazija aligeuka, akavuka ua, akarudi na kikapu. Zilikuwa zabibu zake za Ramadhani, alizoziweka akiba kwa sharbati ya futari; baada ya kimbunga maduka yalikuwa hayana zabibu za kutosha.

"Hizi ni kavu," alisema. "Kavu naweza kuzigusa?"

"Kavu ni tunda tu. Gusa utakavyo."

"Basi nimezigusa. Sasa fanya yako, nione."

Chungu kilihitajika, kikubwa na kisichowahi kupikiwa. Dionis alipanda lori la Mingoyo, akaendelea mpaka Milola, akarudi keshoye na chungu cha mama yake, Stefania, ambaye alikuwa mfinyanzi. Alileta pia maagizo: chungu kipya hakipandi moto kikavu, sharti kichemshiwe kwanza uji mwembamba, la sivyo kitapasuka na aibu itakuwa ya wanaume. Uji ukachemshwa, kwa muhogo wa Kazija na moto wa Yahya. Kuku wa uani wakaupata.

Mvinyo uliobaki ulimwagwa kwenye mgomba, mtungi ukasuguliwa. Ijumaa asubuhi, baada ya zabibu kulala majini usiku mmoja tu, Yahya alifikicha na kuchuja peke yake. Kazija aliketi kwenye kigoda hatua chache kutoka pale, mikono ameikunja mapajani. Mwahija anakumbuka kwamba kuiangalia mikono ya mama yake siku hiyo ilikuwa kama kuangalia paka aliyefungwa karibu na samaki. Alivumilia mpaka Yahya alipokamua kitambaa.

"Unakinyonga. Kamua, usikinyonge."

"Hivi?"

"Zungushia upande wa pili. Hapo. Waweza."

Maji yale bado yalikuwa matamu. Kazija aliyajua kwa harufu; Yahya alikuwa ameuweka mtungi mahali pa baridi karibu na kisima, kama alivyomwelekeza. Yakapanda moto. Yakachemka, povu likatoka, likaenguliwa. Rangi ya kahawia ikageuka nyeusi yenye wekundu pembeni. Yahya alipotosheka, aliipua, akasubiri yapoe, akamkabidhi Kazija upawa.

"Sasa ni yako pia," alisema. "Mimina."

Alitia iliki kwanza.

Kabla ya jua kuzama, Rashidi alifika. Ramadhani ilikuwa imebakiza siku chache na alikuja kuona kama mpangaji amefunga mizigo. Alikuta mkeka umetandikwa si bandani bali uani, katikati ya banda na nyumba, na dada yake akimimina kitu cheusi kutoka kwenye mtungi ule ule.

"Dada!"

"Njoo unuse kabla hujapiga kelele."

Alinusa. Alinusa tena. Alimtazama Yahya. "Haukuchacha?"

"Umechemshwa leo, Bwana Rashidi. Dada yako ameketi mbele yangu tangu asubuhi. Hata mimi sikuweza kuiba."

"Kiapo?"

"Wallahi," alisema Yahya, "na siku yangu inaingia sasa hivi, sisemi uongo mlangoni pake."

Rashidi alichukua kikombe, akaonja kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayeonja chumvi ya harusini. Akakaa. Mwahija anasema alikunywa chote, kisha akasema, "Hii ni sharbati." Dionis anasema alisema, "Hii ni sharbati, lakini imepikwa na mtu mwenye mawazo." Wote wawili wanakubaliana kwamba aliomba kingine.

"Kwako ni sharbati," alisema Yahya, "na kwangu ni mvinyo wa baraka. Mtungi mmoja unatosha."

Akakitoa kikombe cha fedha kwenye sanduku. Kazija ndiye aliyekijaza. Yahya alisimama, akaisomea siku maneno yake, akimsifu Muumba wa tunda la mzabibu, na safari hii alikunywa. Aliuweka mvinyo ulimini kwa muda.

"Basi?" Kazija hakuweza kungoja. "Dawa ya kikohozi?"

Yahya alitafakari kwa haki, kama aliyeulizwa uzito wa fedha. "Uchachu haupo. Nguvu haipo. Utamu umekuwa mzito, kama asali ya msituni. Mwishoni kuna moshi, lakini si wa mtungi, ni wa kuni za mkorosho. Na iliki." Akaonja tena. "Baba yangu alikosea kidogo."

"Aliyepata hasara hapa ni mmoja tu," alisema Dionis. "Myahudi ana baraka yake, Waislamu wana sharbati yao. Mkatoliki nimekuja kunywa divai, nimepewa maji ya watoto wachanga."

"Sema amina," Mwahija alimwambia.

Dionis hakukata tamaa. Alichukua chupa ya mvinyo uliopikwa, akaificha karakana kwake apate kuukomaza mwenyewe. Baada ya majuma kadhaa aliifungua mbele ya rafiki zake. Ilikuwa siki kali ya kupofusha. Kazija aliichukua akatilia achari ya ndimu, nayo ikaliwa siku za Ijumaa pamoja na changu.

Kuhusu Mtwara halikusemwa neno tena. Ramadhani iliingia, na Ijumaa yake ya kwanza ilileta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Yahya alingoja jua lizame ili aikaribishe siku yake. Kazija, Mwahija na Rashidi walingoja jua lile lile ili wafungue. Adhana ya magharibi iliposikika, mikono yote ilinyooka kwa wakati mmoja. Rashidi alikula tende, akanywa zabibu. Yahya alisimama na kikombe chake. Dionis, ambaye hakufunga wala hakuwa na sabato, alikiri kwamba yeye pia alikuwa amejizuia kula tangu adhuhuri, kwa sababu aliona haya kuwa mtu pekee asiyengojea kitu.

Desturi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa. Kazija aliuza sharbati kama kawaida, lakini ile ya Ijumaa hakuiuza. Wateja waliomwomba "ile nyeusi ya Sonara" aliwaambia haina bei. Anayeitaka aje aketi. Walikuja wachache, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na chakula chake. Katika uzee wake, Yahya akiwa hayupo tena, alimfundisha Mwahija kuipika, naye hakusahau kumwambia kwamba moto uwashwe na aliyealika.

Kazija alizikwa Lindi, karibu na mumewe. Kuhusu Yahya, Mwahija anasema aliondoka kabla ya uhuru, kwa meli iliyokuwa ikielekea kaskazini, akiwa na sanduku lake la zana na bila mtungi, ambao aliuacha kwa Kazija. Alielekea wapi haijulikani, wala haijulikani kama alifika. Jina lake halijaonekana katika kumbukumbu zozote zilizotafutwa kufikia sasa. Kikombe cha fedha pia hakijulikani kilipo. Mwahija anaamini alikichukua, Dionis anaamini kilibaki Lindi. Mtungi uliobaki Ndoro una ufa, na hautoshi kuthibitisha lolote.